Miwani ya kurejesha ya kale: je, itamfaa mzee aliyepungukiwa na kumbukumbu na nuru ya macho?

Uzee hauji mikono mitupu. Huja na mvi na wajukuu, huja na heshima ya kuketi mahali pa shauri, kwa maana wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini kwa watu wengi huja pia na mizigo miwili mizito: kumbukumbu hupungua, na nuru ya macho hufifia. Kila mmoja kati ya mizigo hiyo watosha kumwelemea mtu. Inapomwangukia mzee mmoja yote miwili kwa pamoja, nyumba nzima huingia mashakani, kwa kuwa mzee huyo hakumbuki tena alipo, wala hawezi kutazama ili ajue.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 walikuwa na ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu, na kila mwaka huongezeka wagonjwa wapya karibu milioni 10. Zaidi ya sita katika kila kumi wanaishi katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, yaani nchi kama zetu. Ugonjwa huu si uzee wenyewe, wala si ulozi, wala si adhabu. Ni maradhi ya ubongo. Aina yake iliyo kubwa kuliko zote ina jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, ambaye aliieleza mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen mwezi Novemba mwaka 1906.

Zipo dawa za kutuliza dalili au kupunguza mwendo wa maradhi kwa baadhi ya wagonjwa, lakini dawa ya kuponya haijapatikana. Ndiyo sababu wataalamu wa nchi mbalimbali wanatafuta pia njia zisizo za vidonge, ili mgonjwa apate utulivu, mazungumzo na furaha katika siku zake. Mojawapo ya njia hizo ni miwani ya ajabu inayomfanya mtu aone kana kwamba yuko mahali pengine. Katika makala haya tutaeleza miwani hiyo ni kitu gani, imeonyesha manufaa gani, na ni nini kilicho muhimu kuliko miwani yenyewe pale ambapo macho ya mgonjwa nayo yamedhoofika.

MIWANI HII NI KITU GANI?

Kiswahili kimekwisha kuipatia kazi hii jina: uhalisia pepe. Mkulima wa mpunga ajua maana ya pepe. Ni ganda lenye umbo la punje, ilhali ndani hamna kitu. Ndivyo ulivyo ulimwengu unaoonekana katika miwani hii: una umbo la kweli, una sauti ya kweli, lakini haushikiki.

Chombo chenyewe hufungwa kichwani kwa mkanda na kuyafunika macho yote mawili. Ndani yake mna sehemu mbili za picha, moja kwa kila jicho, na mbele ya kila moja mna lenzi. Kila jicho huonyeshwa picha iliyotofautiana kidogo na ile ya jicho la pili, na ubongo huziunganisha zikawa kitu kimoja chenye umbali na ukaribu, kama tuonavyo kila siku. Tena mna vipimo vinavyofuata mwendo wa kichwa. Mtu akigeuka kushoto, ataona yaliyo kushoto. Akiinua uso, ataona mbingu. Masikioni husikia sauti za mahali hapo: mawimbi, ndege au watu wakizungumza.

Fikra hii si ya jana. Mwaka 1968 Ivan Sutherland wa Marekani alitengeneza chombo cha namna hii, nacho kilikuwa kizito hata ikabidi kitundikwe darini. Tangu hapo vyombo vimekuwa vyepesi na bei zimeshuka. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilitoa kifuko cha karatasi ngumu chenye lenzi mbili, ambacho mtu hutia ndani yake simu yake ya mkononi na kupata miwani ya bei ndogo kabisa.

KWA NINI KUREJEA YA KALE?

Ugonjwa wa Alzheimer huanza mapema kuharibu sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya na kuyaweka. Kwa hiyo mzee aweza kusahau kama amekula asubuhi, na papo hapo akaeleza vizuri njia aliyopita akienda shule miaka sitini iliyopita. Mambo ya utoto na ya ujana huwa yamekita mizizi, nayo huchelewa kung'oka.

Zamani wengi waliona kwamba mzee anayerudia hadithi za ujana wake anapoteza wakati. Mwaka 1963 daktari Robert Butler wa Marekani aliandika kinyume cha hayo: kwamba kuyapitia maisha yaliyokwisha ni kazi yenye maana katika uzee. Tangu hapo nyumba nyingi za wazee huko Ulaya na Marekani hutumia picha za kale, nyimbo na vyombo vya zamani ili kuwafungua wazee vinywa. Miwani ya uhalisia pepe imekuja kuendeleza kazi hiyo hiyo. Kwa mfano, huko Uingereza ilitengenezwa filamu iliyotolewa mwaka 2018, ambayo huonyesha sherehe ya mtaani ya siku aliyotawazwa Malkia Elizabeth wa Pili, tarehe 2 Juni 1953. Mzee aliyekuwa kijana siku ile huvikwa miwani, na mara hujiona yupo katikati ya majirani, meza na bendera.

YALIYOONEKANA HUKO NORTHAMPTON

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, walitangaza habari za jaribio walilolifanya katika hospitali ya St Andrew's mjini Northampton. Wagonjwa walikuwa wanane, wa umri kati ya miaka 41 na 88, wote wenye maradhi ya kupotewa na kumbukumbu, nao waliishi katika wodi ambazo mgonjwa hawezi kutoka kwenda apendako. Kila mmoja alichagua mwenyewe mandhari ya kuyatazama: kanisa kuu, msitu, ufuko wa mchanga, ufuko wa mawe au mashamba.

Watafiti waliona kwamba picha hizo ziliwakumbusha wagonjwa mambo ambayo walezi wao hawakuwa wakiyajua. Mmoja aliona daraja katika picha akakumbuka safari yake ya mapumziko. Baadaye mgonjwa mwingine alikaa katika kipindi cha kuchora, akachora pwani kwa furaha. Walezi walipata jambo la kuzungumza na watu waliokuwa vigumu kuzungumza nao, na hilo ndilo lililokuwa faida kubwa. Lakini tusisahau kwamba wagonjwa wanane ni wachache. Jaribio kama hilo lafungua mlango, halitoshi kuwa hukumu.

Na mlango huo una upande wa pili. Huko Australia mtafiti Wendy Moyle wa Chuo Kikuu cha Griffith, pamoja na wenzake, walitoa mwaka 2018 matokeo ya jaribio lililowahusu wazee kumi wenye ugonjwa huu. Wao hawakuvikwa miwani. Walionyeshwa msitu katika kioo kikubwa, na mzee alipotikisa mikono, mambo ndani ya msitu yalibadilika. Wazee walionekana kuwa wachangamfu na wenye furaha zaidi. Hata hivyo, hofu na wasiwasi navyo vilionekana zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Kitu kimoja chaweza kumfurahisha mgonjwa huyu na kumtisha yule.

LAKINI ASIYEONA JE?

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Miwani hii imetengenezwa kwa ajili ya macho. Je, mzee ambaye macho yake yamefifia, na kumbukumbu yake pia, atapata nini?

Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 2016 watupa jibu la kutuzindua. Watu 708 wenye ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu, wa umri wa miaka 60 hadi 89, walipimwa macho. Karibu theluthi moja yao, yaani asilimia 32.5, walikutwa na upungufu wa kuona. Na kati ya hao wenye upungufu, karibu asilimia 44 wangeweza kuona vizuri kama wangepewa tu miwani ya kawaida inayolingana na macho yao. Hawakuhitaji upasuaji wala mitambo. Haya yalikuwa katika nchi yenye madaktari wa macho karibu kila mji.

Fikiri basi, msomaji, juu ya mzee aliyekaa pembeni siku nzima, hasemi, hashiki gazeti, hatambui aingiaye mlangoni. Watu wa nyumbani husema, "Huyu amekwisha kusahau kila kitu." Huenda ni kweli amesahau mengi. Lakini huenda pia hamtambui mjukuu wake kwa sababu uso wa mjukuu ni ukungu mtupu mbele yake. Maradhi yake ya kumbukumbu yameficha maradhi yake ya macho, na yeye mwenyewe hana tena maneno ya kueleza kwamba haoni.

Tena macho na ubongo vina uhusiano ulio mkubwa kuliko tulivyodhani. Mwezi Desemba mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walieleza kwamba walifuatilia hali za wazee zaidi ya 3,000 wenye mtoto wa jicho au presha ya macho. Wale waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walipatwa na ugonjwa wa kumbukumbu kwa kiasi cha asilimia 30 pungufu kuliko wale ambao hawakufanyiwa. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi moja kwa moja kwamba upasuaji ndio uliowakinga. Lakini mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la Lancet, likiongozwa na Gill Livingston wa London, liliongeza upungufu wa kuona usiotibiwa katika orodha yake ya mambo 14 yanayozidisha hatari ya ugonjwa huu, na ambayo binadamu aweza kuyarekebisha.

JICHO ZIMA, UBONGO MGONJWA

Yapasa pia tufahamu kwamba si kila asiyeona ana jicho bovu. Kuona ni kazi ya watu wawili: jicho hupokea, ubongo hufasiri. Ipo aina ya maradhi, iliyoelezwa na daktari Frank Benson wa Marekani na wenzake mwaka 1988, ambayo huanza kuharibu sehemu ya nyuma ya ubongo. Mgonjwa hupimwa macho yakaonekana salama, ilhali hawezi kusoma mstari, wala kushika kikombe kilicho mbele yake. Mwandishi mashuhuri wa Uingereza, Terry Pratchett, aliambiwa mwaka 2007 kwamba ana ugonjwa huo, naye aliendelea kutunga vitabu kwa kusema badala ya kuandika, mpaka alipofariki mwaka 2015.

Wako pia wale wanaoona visivyokuwapo. Mwaka 1760 mwanachuoni wa Geneva, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee aliyekaribia miaka tisini na ambaye macho yake yalikuwa yamefifia sana. Mzee huyo aliona mbele yake wanaume na wanawake, ndege, magari ya farasi na majengo. Akili yake ilikuwa timamu, naye alijua kwamba mambo hayo hayapo. Leo hali hiyo ina jina la Bonnet. Ubongo uliozoea kupokea picha, unapokosa picha kutoka machoni, hujitungia zake. Ni wazee wangapi wamenyamaza na siri hii kwa kuogopa kuitwa wendawazimu au kuambiwa wameingiliwa na pepo? Mzee akikuambia ameona watoto wakicheza mahali pasipo na mtu, usimcheke wala usimkemee. Mpeleke kwa daktari, kwa kuwa ziko pia aina za ugonjwa wa kumbukumbu zenye dalili kama hiyo, nazo zahitaji matunzo yake.

Ni wazi basi kwamba mtu wa namna hii hafai kuvikwa miwani ya uhalisia pepe bila shauri la daktari. Aliyekwisha kushindwa kutofautisha kilichopo na kisichokuwapo hahitaji kuongezewa ulimwengu wa tatu.

MASIKIO, PUA NA MIKONO

Kwa mwenye nuru kidogo, vyombo vya jamii hii vina kazi nyingine ya manufaa. Viko vile vinavyochukua picha ya kilicho mbele ya mtu na kukikuza mara kadhaa, ili ambaye katikati ya uoni wake pameharibika aweze kuona uso wa mwenzake au maandishi. Lakini kutumia chombo kama hicho kwataka kujifunza vitufe vyake, na hilo si jepesi kwa aliyepungukiwa na kumbukumbu.

Kwa asiyeona kabisa, picha hazina kazi. Kinachobaki ni sauti, harufu na mguso, na hivyo si vidogo. Sauti ya mvua juu ya bati, mlio wa kinu na mchi, harufu ya karafuu au ya moshi wa kuni, ukili unaopita vidoleni mwa mama aliyesuka mikeka maisha yake yote: vyote hivyo huingia moyoni bila kupitia machoni. Nyimbo nazo hudumu mno. Mara nyingi mgonjwa ambaye hawezi kumaliza sentensi huimba wimbo mzima wa harusi bila kukosea.

Na ushahidi wa kwamba kazi hii yawezekana bila mitambo hatuna haja ya kuutafuta ng'ambo. Kwa jirani zetu wa Tanzania, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba kati ya watu wa miaka 70 na zaidi, asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa huu. Baadaye wataalamu walileta huko vikao vya kuchangamsha akili vilivyobuniwa Uingereza: wazee hukutana katika vikundi vidogo, vikao 14 kwa muda wa wiki saba, wakazungumza, wakaimba, wakashika vitu na kucheza. Matokeo ya wazee 34, yaliyotolewa mwaka 2017, yalionyesha nafuu katika fahamu zao. Lakini kwanza vikao vilibidi virekebishwe, kwa kuwa wengi wa wazee hawakujua kusoma, na wengi walikuwa na macho na masikio dhaifu yasiyotibiwa. Waliotayarisha vikao hawakumlazimisha mzee afuate kitabu. Walikifanya kitabu kimfuate mzee. Hilo ndilo somo kubwa.

YA KUFANYA NYUMBANI

Wenye kutunza wazee nyumbani wanaweza kuanza na haya:

1. Mpeleke mzee akapimwe macho na masikio kabla ya kukata shauri kwamba kila analokosea ni la usahaulifu. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi.

2. Kama ana miwani, hakikisha ni yake, ni safi, na inamfaa kwa wakati huu. Miwani ya miaka kumi iliyopita yaweza kuwa sawa na kutokuwa nayo.

3. Tenganisha rangi za chakula na chombo. Huko Boston, Marekani, utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba wagonjwa wa Alzheimer waliokuwa katika hali mbaya walikula asilimia 25 zaidi walipopewa sahani nyekundu badala ya nyeupe. Ugali mweupe juu ya sahani nyeupe ni sahani tupu kwa macho dhaifu. Vivyo hivyo maziwa katika kikombe cheupe.

4. Ongeza mwanga, hasa njia ya kwenda chooni. Ondoa mkeka mweusi mlangoni, maana mgonjwa aweza kuuona kama shimo akakataa kupita, au akauruka akaanguka.

5. Jitaje unapoingia. Sema, "Shikamoo babu, ni mimi Asha, mtoto wa mwanao Juma," kisha umshike mkono. Usimwulize, "Je, wanijua?" Swali hilo ni mtihani, na akishindwa huona haya.

6. Mpe kitu mkononi kabla ya kuuliza habari: jembe dogo, kanga, ungo, shanga. Kisha mwache aseme, hata kama hadithi ni ile ile ya jana.

7. Ikitokea mkapata miwani ya uhalisia pepe, aijaribu kwanza mlezi. Mzee na aulizwe kama ataka, aketi kwenye kiti imara, awepo mtu wa kumshika mkono na kumweleza aonayo, na muda uwe wa dakika chache tu. Macho yanaposema mwili unakwenda na mwili wenyewe umetulia, mtu hupata kichefuchefu na kizunguzungu. Akionyesha hofu, ivuliwe mara moja. Mwenye kifafa asivae bila ruhusa ya daktari.

Msomaji ataona kwamba katika mambo hayo saba, moja tu lahitaji chombo kipya. Hatusemi hivyo kwa kuidharau miwani. Huenda siku moja wakapatikana watu wa kwetu watakaorekodi soko la Jumamosi, mashua zikirudi ziwani jioni, au ngoma ya mavuno, ili mzee wa hapa naye aione nchi ya ujana wake badala ya mashamba ya Kiingereza. Hiyo itakuwa kazi njema.

Lakini kumbuka kwamba pale Northampton faida kubwa ilipatikana baada ya miwani kuvuliwa, mgonjwa alipoanza kusimulia na mlezi akaketi kumsikiliza. Chombo huwasha moto tu. Kuota moto kwataka watu wawili. Mzee ambaye nuru ya macho yake imefifia na kumbukumbu yake imepungua bado anajua sauti inayomheshimu na mkono usio na haraka. Kwa hiyo wiki hii, mwenye mzee nyumbani na atafute kwanza siku ya kumpeleka kupimwa macho, na jioni yake aketi karibu naye amwulize habari za nchi ilivyokuwa zamani.